Madamu wa Kampuni Isiyojibu

Alikuwa na mikono mizuri kuliko uso wake, naye alilijua hilo. Usoni hakupaka kitu chochote. Aliosha kwa sabuni ya mche na maji ya bomba, akajikausha kwa pembe ya kitenge, basi. Lakini mikono aliitunza kupita kiasi. Hakuchota maji kabla ya kujipaka mafuta, hakumenya vitunguu, na msimu wa baridi, upepo wa Dowa unapopasua midomo ya kila mtu, vidole vyake vilibaki laini kama vya mtu ambaye hajawahi kukimbia nchi. "Mutu haangaliake uso ya mwenye kufungua kopo," alikuwa akisema. "Anaangaliaka mikono. Uso ni yangu. Mikono ni ya Kampuni."

Tulimwita Madamu wa Kampuni. Kuanzia zoni ya Likuni mpaka ya Katubza, kambi yote ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ilimwita hivyo, hata wale ambao hawakujua ni kampuni gani. Jina lake la kweli nilikuwa nalo, kwa sababu mimi ndiye niliyemchapia barua, lakini sitaliandika. Hakulipenda. Amelala kwenye makaburi ya kambi tangu baridi iliyopita, na sioni sababu ya kumuudhi.

Nina kibanda cha sekretaria karibu na soko la kambi. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, naweka vyeti vya watu ndani ya plastiki ili mvua isivile. Nimetoka Bukavu, Kongo, kama yeye, ila yeye alitoka penye lami na mimi nimetoka Kadutu juu kwenye matope, na hakuniacha nisahau jambo hilo hata wiki moja.

Kampuni yenyewe sitaitaja pia. Ni mojawapo ya zile za krimu, poda na rangi za midomo ambazo makopo yao yamezunguka dunia, zile za wanawake wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba na katalogi mkononi. Zamani ilikuwa na tawi kule kwetu, naye alikuwa mmoja wa wanawake wale. Tawi likafungwa, vita vikaja, watu wakatawanyika. Lakini kwa kuwa hakuna aliyemwandikia kumwambia kwamba kazi imekwisha, yeye aliendelea nayo. Ukimwita muuzaji alikugeukia kwa jicho baya. "Mi siuzishake," alisema. "Mi nawakilisha."

Na alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka barua. Karatasi moja kutoka kwa Kampuni inayosema: huyu tunamjua, ni wetu. Nyumba nzuri hakuiomba, ndege ya kwenda nchi za mbali aliwaachia wengine waiote. Kila Jumanne alikuja kibandani kwangu kuiomba barua hiyo.

Siku ya kwanza alipokuja hakuomba kuchapiwa kitu. Alisimama mlangoni akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Unaosha uso na nini?"

"Na maji, Madamu."

"Osha nione."

Wateja wangu watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Sijui kwa nini nilimtii. Nilitoka nje na kikombe, nikanawa, naye akasimama kando akitikisa kichwa kana kwamba naharibu kitu cha serikali. Halafu akachovya kidole kwenye kopo la siagi ya karanga lililokuwa na krimu aliyoichanganya mwenyewe, akanigusa nyuma ya sikio, akaondoka. Baada ya siku saba alirudi, akalikunja sikio langu, akachungulia. "Ngozi imekubali," alisema. "Sasa unaweza kununua."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake na hakuivunja kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo. Alikugusa nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, akakuacha, akarudi baada ya siku saba. Wengi walimcheka. Wengine walikasirika, wakaenda kununua kwingine wapate siku hiyohiyo. Lakini fikiria tunapoishi. Hapa mtu hathubutu kukuahidi Alhamisi. Kuna anayengoja simu ya safari, kuna anayengoja mgawo wa chakula, kuna anayengoja majibu ya rufaa tangu mwanawe wa kwanza alipokuwa tumboni. Katikati ya watu hao alipita mama mmoja akisema, nitarudi kuona sikio lako, na akarudi kweli. Nadhani tulimpenda kwa ajili ya hilo kabla ya krimu.

Kumbuka alikuwa na ulimi mbaya. Mke wa mchungaji mmoja, aliyejichubua uso ukabaki mwekundu, aliambiwa mbele ya foleni ya bomba: "Shingo na uso yako si ya baba moja." Yule mama hakumsalimia mwaka mzima. Madamu alisema ni afadhali, maana kila wakisalimiana alikuwa analazimika kumtazama.

Historia ya Kampuni aliisimulia akiwa amekushika uso. Hapo ndipo shida yangu inapoanzia, maana mtu aliyefumba macho, amelaza kichwa juu ya magoti ya mwenzake, vidole viwili vinamzunguka taratibu kwenye kipaji, hasikilizi sawasawa. Mchana wa Dzaleka una joto la bati. Sauti za soko zinafika zikiwa zimelainika. Mpaka leo sijui ni sehemu gani za historia hiyo nilizisikia na ni zipi niliziota.

"Alikuwa mujane," alianza, kila mara. "Inchi ya baridi. Anaishi juu ya bulanjeri, chini banachoma mikate, njo maana alikuwa na joto ya bure."

Mjane huyo alichemsha mafuta ya kondoo na maji ya waridi kwenye sufuria ileile ya supu. Jirani akapanda ngazi kuja kulalamika juu ya harufu, akashuka na kopo. Kesho yake wakapanda majirani wawili. Mjane akatafuta wajane wenzake, kila mmoja akampa sanduku na mtaa, akawafundisha neno moja, nami nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina langu: "Usipake. Gusa." Kisha vita vikaja katika nchi yao pia, wanaume wakaenda, na wanawake wakawa wananunua rangi nyekundu ya midomo ili mtu wa posta akileta habari mbaya awakute wamesimama vizuri. Kisha kiwanda. Kisha malori, meli, na siku moja Kampuni ikafika Bukavu, katika hoteli iliyo juu ya ziwa, ambapo mama mmoja kutoka Kinshasa alifungua valizi ya makopo mbele ya wasichana waliovaa vizuri, harufu ikatoka, na Madamu, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kumsindikiza rafiki yake tu, akabaki.

Historia iliishia hapo. Unafumbua macho, unamwona anatazama paa la bati kana kwamba juu yake kuna ziwa.

Nilikuja kugundua kwamba mjane wakati mwingine alikuwa na watoto wawili wa kiume waliogombania kiwanda, na wakati mwingine alikuwa na binti mmoja mtiifu. Basi siku moja, kwa ukorofi, nakiri, nilitafuta ukurasa wa Kampuni kwenye simu nikamwonyesha. Mwanzilishi alikuwa mwanaume. Mfamasia mwenye masharubu, amesimama mbele ya duka lake. Madamu alivaa miwani, akaitazama picha muda mrefu, akaikuza.

"Na huyu?"

Pembeni, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha, alikuwapo mwanamke.

"Haijaandikwa," nilisema.

"Iko anashika nini?"

"Beseni."

"Basi," alisema, akanirudishia simu. Habari za masharubu hazikuzungumzwa tena kibandani kwangu.

Imani yake kwa Kampuni haikumzuia kuirekebisha. Poda za zamani, zile alizofundishwa nazo, zilikuwa za rangi za watu wa kwenye bulanjeri. Mtu wetu akizipaka alionekana ametoka kusaga unga. Madamu alizichanganya na kakao, akipima kwa ncha ya kisu, mpaka zikakubali nyuso zetu. Nilimuuliza kama haoni kwamba kampuni iliyomletea poda kama ile ilikuwa haimtaki. Hakukasirika. "Kampuni ilikuwa bado haijatuona," alisema, vile unavyomtetea mzee ambaye macho yamepungua. Miaka ikapita, siku moja nikamwonyesha katalogi mpya kwenye simu, na kweli rangi zetu zote zilikuwamo mpaka nyeusi kabisa. Akataka nimsomee majina yake. Nikasoma: kahawa, chokoleti, karanga, asali ya msitu. Alicheka mpaka akavua miwani. "Sasa imetuona," alisema, "lakini iko na njaa."

Kakao hiyo ndiyo iliyookoa harusi moja ya Warundi. Bibi harusi alikuwa amenunua mkorogo sokoni apate weupe wa haraka, na uso ukachubuka wote zikiwa zimebaki wiki mbili. Mama yake alikuja mbio. "Madamu, mutusaidie, umwana uso yote imeungua." Madamu alimgombeza mama kwanza, nusu saa nzima, huku msichana amejifunika kitenge kichwani. Halafu akafanya kazi: vitambaa vya maji yaliyochemshwa yakapoa, gliserini kidogo, kukaa ndani bila jua, kutogusa. Kila siku alikwenda. Siku ya harusi alimgusa kwa poda yake. Msichana alinukia kama kifungua kinywa na watoto walimfuata mpaka kanisani, lakini mimi ndiye niliyepiga picha, ninazo mpaka leo, na katika picha hizo ni mzuri kweli.

Mara moja kwa mwezi, siku zile ambazo kutoka kambini hakukuwa na masumbufu makubwa, alikwenda Lilongwe, soko la Tsoka, kununua gliserini na nta ya nyuki. Mara mbili nilimsindikiza. Alipita kwenye meza za vipodozi kama mkaguzi aliyetumwa, akichukua chupa, akiifungua, akinusa. "Feki." Anaiweka. "Feki." Wauzaji walimfahamu na walimwogopa. "Amayi, muli bwanji," walimsalimia kwa Kichewa, mama, hujambo, huku wakisukuma vitu fulani chini ya meza. Alichukia vitu feki kwa chuki ya moyoni, kama wengine wanavyochukia uchawi. Hakuthubutu hata kutia krimu yake mwenyewe ndani ya makopo ya Kampuni aliyobaki nayo, ingawa ingenunuliwa kwa bei mara tatu. Aliitia kwenye makopo ya siagi ya karanga, na ukimuuliza alikwambia wazi: hii nimepika mimi, ile ya Kampuni nangojea ifike.

Aliingojea. Jumanne baada ya Jumanne tuliandika. Yeye alisema kwa Kifaransa kilichonyooshwa vizuri, mimi nikachapa, na mwisho wa kila barua ulikuwa uleule: naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mimi ni mwakilishi wenu. Mwanzoni tulituma kwa posta. Baadaye nikapata anwani kwenye ukurasa wao, tukawa tunatuma kwa kompyuta. Mara ya kwanza jibu likarudi papo hapo, naye akashika ukingo wa meza yangu. Ikabidi nimweleze kwamba ni mashine, inamwambia kila mtu asante kwa kutuandikia, tafadhali usijibu ujumbe huu.

"Mashini njo inasema asante?"

"Ndiyo, Madamu."

"Basi mashini iko na adabu kupita bakubwa yake."

Nilimsomea pia ile habari kwamba Kampuni ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, ikauzwa tena kwa nyingine, na kwamba siku hizi inatangaza kupitia wasichana wenye wafuasi wengi kwenye simu, hakuna tena valizi wala hodi. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa kwamba ndugu yake ameolewa mara ya pili mbali bila kualika. "Jina ni ileile?" aliuliza. Nikamwambia jina ni lilelile. Akasema basi tuendelee.

Halafu ikaja habari ya Area 23, mtaa wa Lilongwe. Mama mmoja wa kanisa lake, Mkongomani aliyeolewa na Mmalawi, alikuwa na saluni ya nywele kule mjini, na akamwahidi Madamu nusu ya chumba: meza, kioo, kiti, mlango unaofungwa kwa ufunguo. Bango lingeandikwa jina la Kampuni. Kwetu sisi tuliopangiwa kukaa kambini, jambo la namna hiyo linahitaji kibali, na mtu wa kanisa akaulizia Capital Hill, kwenye ofisi za serikali kulekule Lilongwe, akaambiwa kwamba mwakilishi wa kampuni ya nje alete barua ya kampuni. Ikawa sasa ile barua si ya moyo tu. Ilikuwa ndiyo mlango wenyewe. Na Madamu alikuwa amekwisha kuanza kuchechemea, mguu wa kushoto umevimba, kutembeza makopo kutoka zoni hadi zoni kunamshinda. Alikuwa akija Jumanne anakaa kwanza, anapumua, ndipo anauliza. "Imefika?" Nami nasema bado.

Sina la kujitetea. Jumanne moja alikuja akitoka kuugua malaria, kitenge kimemlegea kiunoni, na hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi, akatazama mashine yangu ya kuchapa, akainuka akaenda. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Nilifunga kibanda mapema, nikachukua alama ya Kampuni kutoka kwenye ukurasa wao, nikaandika kwa Kifaransa, kutoka ofisi kuu, kwa Madamu mpendwa. Nilikuwa nalia na kufurahi kwa pamoja. Mtu akiwa katika hali hiyo anajiona mwema sana.

Wiki iliyofuata nilimkabidhi. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti ndogo, mstari kwa mstari, akarudia kutoka juu. Hakulia. Hakunishukuru. Aliikunjua vizuri juu ya meza, akaipangusa kwa kiganja, akaniambia, "Mama Neema, iweke plastiki."

Nikaiweka. Mashine ikapata moto, nikaiingiza ile karatasi yangu ya uongo kwa mikono yangu mwenyewe, ikatoka upande wa pili ikiwa imara, inang'aa, haiwezi kuchanika tena wala kulowa. Alingoja ipoe, akaitia kwenye sakoshi, ule mkoba wake mweusi, akaondoka akichechemea. Nilijiambia ataitundika ukutani, ataitazama, na mambo yatakwishia hapo.

Kwa wiki kadhaa ikawa hivyo. Alirudi kuwa mkali, akatukana watu kwenye foleni ya bomba, nikaona nimefanya jambo zuri. Kisha asubuhi moja kijana wa kabaza, Mrundi anayebeba watu kwa baiskeli kutoka soko hadi stendi, alisimama mlangoni kwangu kununua kopi ya kitambulisho chake.

"Madamu wa Kampuni nimemupeleka stendi alfajiri," alisema. "Amevaa foulard yake ya kazi. Anakwenda Capital Hill. Anasema barua imetoka."

Nililiona lote kwa mara moja: afisa anashika ile plastiki, anapiga simu, anaulizia, na mama mzee wa kambini anasimama mbele ya meza ya serikali na karatasi ya kughushi mkononi. Kwetu mtu akikamatwa na karatasi moja ya uongo, karatasi zake zote za kweli zinaanza kutiliwa shaka. Nilifunga kibanda watu wakiwa wamepanga mstari. Sikumbuki vizuri njia. Nakumbuka mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yakipita, makavu, ya njano, marefu kama usingizi, na mimi najisemea Kifaransa nilichoandika, sentensi kwa sentensi, nikitafuta iliyo na kosa.

Nilimkuta nje. Alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi ng'ambo ya lango, mahali wanapouza vocha na mayai ya kuchemsha, kajifunga ile foulard ya kijani ya Kampuni shingoni, sakoshi juu ya magoti, mikono miwili juu ya sakoshi. Watumishi walikuwa wanatoka kwenda kula mchana. Magari yalipita taratibu mbele yetu. Alikuwa anawatazama wanawake waliovaa vizuri, nyuso zao, bila shaka akiwagusa mmoja mmoja kwa mawazo.

"Umekuya," alisema. "Kaa."

Nikakaa.

"Madamu, ile barua. Ni mi niliandika."

"Najua."

Mwanamume mmoja akapita na sahani ya chipsi. Tulingoja apite.

"Tangu lini?"

"Pale kwako. Mbele hata uiweke plastiki." Hakunigeukia. "Ulimalizia unasema, pole sana na mguu. Kampuni ingejulia wapi mi nachechemea? Na hata ingejua. Tangu nawakilisha Kampuni, haijasemaka pole kwa mutu. Ni sisi tu, bantu ya kule, hatuwezi kumaliza barua bila kusema pole."

Nilijifunika uso. Kweli niliandika hivyo. Nilikuwa nimetafuta kosa la lugha, la tarehe, la alama, na sikuliona hilo, kwa kuwa kwangu halikuwa kosa. Ungemwandikiaje mtu mgonjwa bila kumpa pole?

"Sasa ulikuja nayo huku kwa nini?"

"Nilikuya kuitumia," alisema. "Sitakudanganya. Nilisema, haizuru, ni barua, iko na jina yangu. Ile chumba nilikuwa nakiona hata nikilala. Kioo yake, mlango yake."

"Na wamesema nini?"

"Ni musichana tu. Muzuri, na adabu yake. Ngozi kavu kidogo hapa." Akagusa shavu lake. "Aliandika jina, aliandika ya Kampuni, akaniambia, sawa amayi, fomu yako iko kamili. Inabakia tu barua ya Kampuni, mukubwa anapiga muhuri, tunamaliza. Alinyoosha mukono hivi." Alinyoosha mkono wake mzuri, kiganja juu, ukakaa hewani mbele yetu. "Mukono yangu ilikuwa tayari ndani ya sakoshi. Nilikuwa nayishika. Nikawaza, huyu siku moja atapiga simu kule. Batamuambia hatuijue. Ataniuliza, amayi, nani alikuchapia?"

Aliurudisha mkono juu ya magoti.

"Njo nikamuambia, zikomo, asante, karatasi sina. Bado haijafika. Akasema atanitunzia fomu. Nikatoka."

Nililia pale barabarani mbele ya wauza mayai, na sikujali. Alikuwa amengoja karatasi ile sehemu kubwa ya uzima wake. Alikuwa nayo mkononi, mbele ya mtu pekee aliyeweza kumfungulia mlango, na akaiachia irudi ndani ya sakoshi kwa sababu yangu, mimi wa Kadutu. Nikamwita jina ambalo sikuwahi kumwita.

"Mama, unisamehe."

Alinitazama, macho makavu, kama siku ile ya kwanza aliponikuta sijui kunawa uso.

"Nikusamehe nini?" alisema. "Miaka yote ile, njo barua moja tu nilipata."